Pale Maji ya Meru Yanapogusa Mfupa

(Hotuba niliyoitoa Tengeru, Arusha, mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari na wajumbe wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Nimeiandika kwa kufuata kumbukumbu zangu za siku ile.)

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wajumbe wa vyombo vya maji, vijana mliokaa kule nyuma, habari za asubuhi. Leo ni Jumamosi, siku ya soko hapa Tengeru, na najua humu ndani kuna akina mama walioacha ndizi zao mikononi mwa majirani ili waje kunisikiliza. Nashukuru sana.

Nianze na meno yangu. Nimezaliwa upande wa Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, na maji ya kule nimeyanywa hadi nilipomaliza darasa la saba. Rangi hii ya kahawia mnayoiona haitoki kwa mswaki, haitoki kwa mkaa, haitoki kwa chumvi, nimejaribu vyote. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma, hakuna aliyehitaji kuniuliza kwetu ni wapi. Nilicheka mara moja tu bwenini, mwenzangu akasema, "Kumbe wewe wa Arusha." Tangu siku ile nikawa nacheka nimeweka kiganja mdomoni. Wengi wenu mnaufahamu mkono huo.

Ni madini ya floraidi. Mlima wetu ni wa volkano, na mawe yake na majivu yake yamebeba floraidi kwa wingi. Mvua ikizama ardhini hupita katika mawe hayo, ikatoka upande wa pili na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeikamata floraidi zikawa jiwe lisiloyeyuka kwa urahisi, zikabaki huko huko chini. Kwa kuwa ni haba, floraidi inabaki ndani ya maji na kusafiri nayo mpaka kwenye ndoo. Maziwa ya Momella, mnakowaona wale heroe, yamepimwa yakakutwa na mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Kiwango chetu cha taifa kiliwahi kuruhusu 4, kwa sababu vyanzo vizuri vilikuwa havitoshi, kabla ya kushushwa hadi hiyo 1.5.

Na hili niliseme mapema, maana naulizwa kila ninakokwenda: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote sufuriani, kwa hiyo kinachobaki kinakuwa kikali zaidi. Chemsheni kwa ajili ya vijidudu, hilo ni sawa kabisa. Na yale magadi tunayolainishia maharage na makande yana floraidi yake pia. Mtoto anaumia zaidi kwa sababu meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu akiwa mchanga hadi kama miaka 8. Likishatoka na madoa, limeshatoka.

Sasa kazi yangu. Mimi sichimbi visima, na siku nyingi hata maabara siingii. Mimi nakokotoa. Mzee mmoja wa ukoo wetu aliniuliza tukiwa msibani, "Mwanangu, maji ni ya kunywa. Wewe unayakokotoa ya nini?" Nilimjibu kwa maneno ya chuoni, akatikisa kichwa kwa heshima tu, nikajua sijamjibu. Leo nataka kumjibu vizuri, na ninyi muwe mashahidi.

Mzee wangu, kichujio cha floraidi, kiwe cha mkaa wa mifupa, cha alumina (oksidi ya alumini) au cha udongo, hakifanyi kazi kama chujio la chai. Chujio la chai linazuia majani kwa sababu majani ni makubwa kuliko matundu. Ioni ya floraidi, yaani chembe yake moja yenye chaji ya umeme, inakaribiana kwa ukubwa na molekuli yenyewe ya maji. Hakuna tundu la mkaa litakaloizuia hiyo na kuyapitisha maji. Kinachoweza kufanyika ni kuinasa. Ioni ipite karibu na uso wa punje, ivutwe, ishike, ikae. Na hayo yote yanaamuliwa katika nanomita moja ya mwisho kabla ya ukuta. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000. Basi kata unywele huo vipande 80,000 kwa upana, chukua kimoja: hapo ndipo meno ya wajukuu wako yanapoamuliwa. Hakuna jicho linalofika pale, na vyombo vinavyofika ni vichache na vya gharama kubwa. Hesabu inafika.

Hesabu hizi si mpya. Mwaka 1853 Mjerumani Hermann von Helmholtz alifikiria ukuta wenye chaji ya umeme ndani ya maji ya chumvi, na ioni za chaji ya kinyume zimejipanga mbele yake mstari mmoja, kama askari kwenye gwaride. Lakini ioni si askari. Mwaka 1910 Louis Gouy wa Ufaransa, na mwaka 1913 David Chapman wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliingiza joto katika hesabu. Tazameni nje hapo barabarani lori la nyanya linapofika. Wanunuzi wanasongamana kwenye bodi la lori. Hatua chache nyuma wamepungua. Mbali zaidi ni watu wa kawaida wa soko, wanunuzi na wauzaji wamechanganyika. Aliyekuja na nyanya zake za kuuza hana haja ya kusogea, anasukumwa pembeni. Hamu ya kufika inawavuta, kusukumana kunawatawanya, na umati unapata umbo lake kati ya hizo mbili. Gouy na Chapman waliunganisha mlinganyo wa Poisson wa umeme na kanuni ya Boltzmann ya joto, wakapata unene wa umati huo, yaani wa ioni zilizosongamana mbele ya ukuta. Kwenye maji yenye chumvi kama ya mezani kiasi cha moli 0.01 kwa lita, ni nanomita 3 hivi. Punguza chumvi mara 100, unakuwa nanomita 30. Mwaka 1924 Otto Stern akaongeza kwamba ioni zina ukubwa wake, na safu ya kwanza inaweza kushikana na ukuta kabisa.

Walimu, hesabu hii naipenda na ninaifundisha. Lakini haijui tofauti kati ya floraidi na kloridi, ile ya chumvi ya mezani. Zote mbili zina chaji moja hasi. Machoni pa mlinganyo ni mapacha. Weka alumina ndani ya maji yenye zote mbili uone: floraidi inashikwa kwa nguvu, kloridi karibu yote inapita zake. Tabia ya namna hii ilishaonekana zamani. Mwaka 1888 kule Prague, Franz Hofmeister aligandisha protini za yai kwa chumvi mbalimbali akaona kwamba kila chumvi ina nguvu yake, hata chaji zikifanana. Kwa hiyo hesabu ya umati wa sokoni inatufikisha karibu na lori, halafu inatuacha pale pale tulipotaka kuona nani kapata nyanya.

Kilichosahaulika ni maji yenyewe. Gouy na Chapman waliyachukulia kama kitu laini kisicho na punje, kinachopunguza tu nguvu za umeme mara 80 hivi. Maji yana punje. Ioni ya floraidi imezungukwa na molekuli kama 6 za maji, zimeikumbatia kwa nguvu kuliko zinavyoikumbatia kloridi. Iko kama mzee aliyejifunga mashuka mawili asubuhi ya Julai hapa Arusha. Ili iushike ukuta kwa mkono mtupu, sharti ivue shuka, na kuvua kuna gharama. Ukuta nao umevaa maji yake. Mwaka 1983 Jacob Israelachvili na Richard Pashley walikaribisha vipande viwili vya ulanga, yale madini yanayobanduka karatasi karatasi, vikiwa ndani ya maji ya chumvi, wakapima nguvu kati yake. Vilipokaribiana sana, nguvu haikupanda moja kwa moja. Ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kila baada ya nanomita 0.25 hivi, ambao ndio upana wa molekuli ya maji. Walikuwa wakizisukuma nje safu za maji moja baada ya nyingine! Nikisoma jambo kama hili huwa nasimama nikatembea kidogo chumbani. Na mwaka 2018 watafiti wa Manchester walibana maji katika nafasi nyembamba mno kati ya kuta, wakakuta ile 80 imeshuka hadi karibu 2 kwa mwelekeo wa kwenda ukutani. Maji ya pale si haya ya kwenye glasi yangu.

Vijana wa kule nyuma, hapa ndipo kompyuta inapoingia, na fizikia mnayoisoma sekondari inatosha kuielewa. Mwaka 1971 Aneesur Rahman na Frank Stillinger huko Marekani waliweka molekuli 216 za maji ndani ya kompyuta wakaziacha zitembee kwa kanuni za Newton. Mimi hutumia kielelezo cha mwaka 1987 ambacho molekuli yake ni nukta tatu tu: oksijeni yenye chaji ya -0.8476, haidrojeni mbili zenye +0.4238 kila moja, umbali wa nanomita 0.1 kati ya oksijeni na kila haidrojeni. Jumlisheni chaji hizo muone zinatoa sifuri. Unajenga ukuta atomi kwa atomi, unamwaga molekuli 5,000 juu yake, unakokotoa kila moja inavutwa wapi na wenzake wote, unaisogeza kidogo, unarudia. Kila hatua ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Hatua milioni moja ndiyo nanosekunde moja.

Sasa angalieni shida ilipo. Chukueni maji yenye floraidi miligramu 10 kwa lita, maji ambayo kwetu si ajabu. Ukipiga hesabu, kwa kila ioni moja ya floraidi kuna molekuli za maji zaidi ya 100,000. Kwenye kisanduku changu cha molekuli 5,000 hakuna hata ioni moja. Ipo sehemu ndogo ya ioni, jambo lisilowezekana. Na hata nikiiweka moja kwa mkono, naweza kungoja mwezi mzima kompyuta ikiunguruma bila ioni hiyo kuushika ukuta kwa hiari yake.

Kwa hiyo tunaivuta. Sote humu tumevuta ndoo kisimani. Unajua kwa mikono yako tu ndoo ilipo: bado imezama, inatoka majini, imekwama kwenye jiwe, imeachia. Nafanya vivyo hivyo. Naishika ioni kwa kamba ya hesabu, naiweka nanomita 1 kutoka ukutani, napima kamba inavutwa kwa nguvu gani na upande gani. Naisogeza hadi 0.95. Napima. 0.90. Napima. Kila kituo kinataka nanosekunde kadhaa, kwa mashine yetu ni siku nzima au zaidi. Mwishoni unaunganisha vipimo vyote unapata mchoro wa bonde na vilima: hapa ioni inashuka kwa raha, hapa inakutana na safu ya maji inayoizuia, hapa imetulia na molekuli moja ya maji ikiwa katikati yake na ukuta, na ng'ambo ya kilima cha mwisho, karibu nanomita 0.2 kutoka kwenye atomi ya alumini, imeshika. Kina cha bonde hilo kinakuambia itakaa au itaondoka. Urefu wa kilima unakuambia itachukua muda gani kufika, yaani maji yakae ndani ya kichujio kwa muda gani kabla hujafungua koki. Mzee wangu, hapo nimekujibu nusu.

Niongeze kidogo kwa walimu: zile nukta tatu haziwezi kuvunja kifungo wala kuunda kipya, kwa hiyo hatua ya mwisho kabisa ya kushika inataka hesabu za elektroni. Njia ya kuziunganisha na mwendo wa atomi waliitoa Roberto Car na Michele Parrinello mwaka 1985, wakiwa Trieste, Italia, mji ule ule ambako Abdus Salam wa Pakistani alianzisha mwaka 1964 kituo cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Ni hesabu nzito sana, tunazitumia kwa vipande vidogo tu.

Nusu ya pili ya jibu inaniuma. Miaka michache nyuma, kijiji kimoja cha wilaya hii kililetewa vichujio vya unga wa alumina. Sitataja kijiji wala walioleta. Walikuja na karatasi za majaribio, na karatasi zilikuwa za kweli, nilizisoma mwenyewe: unga ulikuwa umeondoa karibu floraidi yote. Watu walichanga. Mama mmoja aliuza mbuzi. Wiki ya tatu nilipima maji yaliyotoka kwenye kichujio, nikapima yaliyoingia, nikadhani nimechanganya chupa. Nilipima tena. Hazikuwa zimechanganyika.

Majaribio yale yalifanywa kwa maji yaliyotoneshwa, maji matupu yaliyotiwa floraidi peke yake, pH, yaani kipimo cha uasidi, ikiwa kama 6. Maji ya kile kisima yalikuwa zaidi ya 8.5. Uso wa alumina una chaji chanya kwenye pH ya chini, na ndiyo inayoivuta floraidi. Ukifika kati ya 8 na 9 chaji hiyo inakwisha, ukipita hapo inageuka hasi na kuanza kuisukuma. Na haidroksidi, inayolingana na floraidi kwa ukubwa na kwa chaji, inaongezeka mara 100 unapotoka pH 7 kwenda 9, na yenyewe inataka viti vile vile. Halafu kuna bikaboneti, ioni nyingine yenye chaji hasi, ambayo kwenye maji ya volkano imejaa. Maji yakiwa na bikaboneti miligramu 400 kwa lita na floraidi 10, kila ioni moja ya floraidi inashindana na bikaboneti kama 12. Kichujio hakikuwa kibovu. Kilijaribiwa kwa maji yasiyokuwepo popote kwenye mlima huu. Nilikwenda nikamweleza yule mama haya yote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa kwa nini hamkuyahesabu kabla?" Swali hilo ndilo limenileta hapa leo.

Sasa tuje kwenye mfupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na wengi wenu mmeshika punje zake. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya jamii moja, ya kalsiamu na fosfeti, yenye haidroksidi zimekaa kwenye mstari ndani yake kama mahindi kwenye gunzi. Floraidi inatosha kabisa kwenye kiti cha haidroksidi. Inaingia, inakaa, haitoki kirahisi. Ile tabia inayoifanya floraidi ipende mifupa ya mtoto ndiyo inayotuwezesha kuipa mfupa wa ng'ombe badala yake.

Lakini uso ni kila kitu. Mnaochoma mifupa mnajua kwa macho: ukichoma kidogo, maji yananuka na yana rangi; ukichoma kwa moto mkali hewa ikiingia mpaka mfupa ukawa mweupe pe, unapendeza na haunasi vizuri. Moto mkali unaziunganisha fuwele ndogo zikawa kubwa, na uso wa kugusana na maji unapungua. Ule weusi na ujivujivu wa katikati ndio mnaoutaka. Na ninawaheshimu sana ndugu zetu wanaouliza mifupa imetoka kwa mnyama gani na amechinjwa vipi. Swali hilo lijibiwe kwa ushahidi kutoka machinjioni, lisijibiwe kwa kuwaambia kwamba moto umeshasafisha.

Ombi langu kwa vyombo vya maji ni hili. Mkipeleka maji kupimwa, msiishie kwenye floraidi. Ombeni pH, bikaboneti, kalsiamu, sodiamu, fosfeti na silika. Namba hizo sita ndizo ninazoingiza kwenye kompyuta ili ukuta ninaoujenga ulowane na maji ya kisima chenu na si ya kisima cha kwenye vitabu. Sampuli leteni kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, si ya glasi, kwa sababu floraidi inaweza kuingiliana na glasi. Andikeni tarehe na mje na jina la chanzo. Kama ni baada ya mvua za masika, andikeni hilo pia. Na mtu akiwaletea kichujio, mwambieni akijaribu kwa maji yenu, mbele yenu, kwa wiki sita, kabla hamjachanga hata shilingi.

Kile kisima cha yule mama ndicho ninachokifanyia kazi sasa hivi, kwa uso wa mfupa. Asubuhi hii kabla sijatoka nyumbani nimeangalia: floraidi iko nanomita 0.4 kutoka kwenye kalsiamu ya ukutani, bado kuna molekuli moja ya maji katikati, na bikaboneti moja imekaa kwenye kiti cha pembeni. Kituo kinachofuata ni 0.35. Kikiisha nitawaletea mchoro, na nitaanzia kwake.